Jipu, mwiba wa sangara na chupa ya mafuta ya bangi

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Igombe, naanika dagaa. Mume wangu anavua dagaa usiku, na siku za mbalamwezi anabeba sangara mwaloni. Mwaka huu ametokwa na majipu mara nne: mawili pajani, moja kwapani, moja kwenye kalio. Kila mara dukani wanampa amoksilini, analitumbua mwenyewe, linapona, halafu baada ya wiki chache linachomoza jingine. Juzi alichomwa na mwiba wa sangara kwenye kidole cha kati, na tangu jana kimevimba, hakikunjiki. Jirani ametuletea chupa ya mafuta ya alizeti yaliyochemshwa na bangi, anasema ndiyo dawa ya majipu sugu. Kijana wake akatuonyesha kwenye simu kwamba wanasayansi wa Canada wamegundua bangi inaua bakteria walioshinda dawa za hospitali. Mume wangu naye anavuta kidogo jioni na anasema ndiyo inayomkinga. Mtoto wetu wa miaka mitatu ameanza vidonda vyenye magamba ya njano chini ya pua. Je, niwapake wote wawili? Na hayo ya Canada ni kweli?"

Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanaokaa mbele yangu. Mambo yako ni mengi na nitayagusa yote, ila sitafuata mpangilio wako. Naanza na kidole, kwa sababu majipu ya mume wako yanahesabiwa kwa miezi, kidole kinahesabiwa kwa saa.

Mwambie aweke mkono mezani, kiganja juu, alegeze vidole vyote. Tazama mambo manne. Je, kidole kimevimba chote, kuanzia shina mpaka ncha, au ni pale tu alipochomwa? Je, kimejikunja kidogo chenyewe wakati vingine vimelala? Ukikinyoosha polepole, hata kidogo tu, anaruka kwa maumivu? Na ukibonyeza taratibu kufuata mstari wa katikati, kutoka kidoleni mpaka kiganjani, anaumia njia nzima? Likiwepo hata moja, msilale nyumbani. Kwa hilo neno lako tu la "hakikunjiki", mimi ningempandisha gari sasa hivi.

Kano inayokunja kidole hupita ndani ya ala nyembamba, kama waya wa breki ya baiskeli unavyopita ndani ya mpira wake. Mwiba wa sangara ni mwembamba na mgumu. Unatoboa ngozi, unafika kwenye ala, unaacha vimelea humo, kisha tundu la juu linajifunga na kila mtu anasahau. Ndani usaha unajaa mahali pasipo na nafasi. Shinikizo linakata damu inayolisha kano, na kano ikishakufa kidole kinabaki kimekakamaa kama mti, maisha yote. Mvuvi asiyeweza kushika kamba hana kazi. Hali hiyo haiponi kwa kidonge wala kwa mafuta, yawe ya bangi au ya mnyonyo. Daktari wa upasuaji anafungua na kuosha, na dawa zinapitia kwenye mshipa. Kwa hiyo msiishie kwenye duka la dawa, nendeni mjini Mwanza, hospitali ya Sekou Toure, au Bugando mkipewa rufaa. Aombe kupigwa picha kuangalia kama kipande cha mwiba kimebaki, na aulize kuhusu sindano ya pepopunda. Mkifika mapokezi mtaje sangara na maji ya ziwa waziwazi, msiseme "amejichoma" tu. Sababu yake utaiona mbele kidogo.

Haya, Canada.

Kijana wa jirani hakukudanganya. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster walitangaza kwamba CBG, kimoja kati ya viambato vingi vya bangi vinavyoitwa kanabinoidi, iliwaua MRSA, bakteria walioshinda dawa nyingi, maabara na ikapunguza idadi yao ndani ya panya walioambukizwa. Wala hawakuwa wa kwanza. Miaka ya 1950 madaktari wa Czechoslovakia walikuwa tayari wanatengeneza marhamu ya majaribio kutokana na mmea huo. Mwaka 1976 Waholanzi walipima THC na CBD, kanabinoidi nyingine mbili, dhidi ya bakteria wa majipu. Mwaka 2008 timu ya Waitaliano na Waingereza ilijaribu kanabinoidi tano dhidi ya MRSA, zote zikafanya kazi, na kwa kiasi kidogo kweli: kati ya maikrogramu 0.5 na 2 katika mililita moja. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kikaeleza jinsi CBD inavyotoboa utando wa bakteria. Ni kazi ya watu makini. Mtu akikuambia ni uzushi wa vijiweni, huyo hajasoma.

Ili uone kwa nini wanasayansi wamesisimka, inabidi umjue adui. Bakteria mkuu wa majipu ni stafilokokasi. Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa Uskoti, ndiye aliyemwona kwenye usaha mwaka 1880, vimelea vya mviringo vimeshikana kama kichala cha zabibu. Dawa za jamii ya penisilini humuua kwa kuharibu ujenzi wa ukuta wake: zinamshika fundi anayejenga ukuta, ukuta unabaki na nyufa, bakteria anapasuka. Methisilini ilitoka mwaka 1959 kwa ajili ya wale waliokwisha izoea penisilini. Mwaka 1961, miaka miwili tu baadaye, Uingereza ikaripoti stafilokokasi ambaye amebadilisha fundi. Dawa inafika, inamtafuta fundi yule wa zamani, haimkuti. Huyo ndiye MRSA, na hapa Mwanza si mgeni. Watafiti wa Bugando wamekuwa wakimripoti kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Kanabinoidi hazihangaiki na fundi wala ukuta, zinakwenda moja kwa moja kwenye utando ulio chini ya ukuta. Kwa hiyo ule ujanja wa MRSA hauzizuii. Hapo ndipo utamu wa habari ulipo.

Lakini ngoja nikuonyeshe hasa ni kitu gani kilichoonekana huko maabara. Chukua kifuniko cha plastiki cha mviringo, upana wake kama kifuniko cha kikombe kikubwa, kimemwagiwa chakula cha bakteria kilichoganda kama uji wa jana. Tunapaka bakteria juu yake, tunaweka vidoti vya karatasi vilivyolowekwa dawa, tunafunga kwenye joto la nyuzi 37 usiku kucha. Asubuhi uso wote umetanda utando wa bakteria, isipokuwa kuzunguka kidoti chenye dawa inayofanya kazi, hapo pana duara safi. Nimeyapima maduara hayo kwa rula miaka mingi, na kila nikiona duara kubwa bado moyo unafurahi. Lakini duara si mtu. Jik ya kufulia ingetoa duara la kupendeza kabisa, na wewe hutampaka mwanao Jik puani. Kwenye kile kifuniko hakuna usaha, hakuna nyama iliyovimba, hakuna ini linalochuja dawa. Bakteria wametandazwa wazi, wanasubiri kuuawa.

Wale Waholanzi wa 1976 walikwenda hatua moja zaidi, nami nadhani hiyo ndiyo sehemu ambayo simu ya kijana haikuionyesha. Walipochanganya kidogo tu maji ya damu kwenye kipimo, nguvu ya THC na CBD ikaporomoka, ikawa inahitajika dozi kubwa mara nyingi zaidi kupata matokeo yaleyale. Kanabinoidi hupenda mafuta na protini, hazipendi maji. Zikikutana na protini za damu zinanata kwao, na kilichonata hakiui tena. Sasa jiulize, jipu lina nini ndani? Protini tupu: chembe nyeupe za damu zilizokufa, nyama iliyooza, majimaji ya damu. Ni mahali pabaya kuliko vyote pa kupeleka dawa inayonata kwenye protini. Tena jipu liko chini ya ngozi, limejijengea ukuta wake, na mafuta unayopaka yanabaki juu, mlangoni.

Kuhusu wale panya wa Canada, dozi ilikuwa miligramu 100 za CBG kwa kila kilo ya uzito. Dozi ya panya haihamishwi kwa binadamu kirahisi hivyo, lakini tupige hesabu ya kitoto ili uone ukubwa wake. Mwanamume wa kilo 60 angehitaji gramu 6 za CBG tupu. Kwenye bangi nyingi CBG haifiki hata asilimia 1 ya uzito wa maua makavu. Hiyo ni zaidi ya nusu kilo ya maua kwa dozi moja, tena uichuje mpaka ibaki CBG peke yake. Hakuna chupa ya alizeti inayobeba hayo. Bangi inayovutwa huku kwetu inajulikana kwa THC, kiambato cha kulewesha, wala si CBG.

Jirani yako namtetea kwa jambo moja: alitumia mafuta na moto, hakutumia maji. Aliyechemsha kwa maji angepata maji machungu tu. Kwa hiyo chupa ile huenda ina kanabinoidi kweli. Ila ni ngapi? Zipi? Majani yaliyohifadhiwa kwenye gunia huwa na ukungu, na udongo ulioshika kwenye majani unaweza kubeba mbegu za pepopunda ambazo moto wa jikoni hauzimalizi. Hata bidhaa za kiwandani zina matatizo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni na kuzipima: 26 tu ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, na 18 zilikuwa na THC. Ikiwa kiwanda chenye lebo kinakosea hivyo, sufuria ya jirani tuiache.

Sasa turudi ziwani, maana hii ndiyo sababu nilikuomba utaje sangara. Sisi wa maabara tangu mwaka 1884 tunatumia rangi aliyoigundua Mdenmark aitwaye Christian Gram. Tunapaka bakteria rangi ya zambarau kisha tunawaosha. Wapo wanaobaki na zambarau yao, hao tunawaita Gramu chanya, na stafilokokasi yumo humo. Wapo wanaoipoteza wakaishia waridi, hao ni Gramu hasi, na tofauti yao ni kwamba wana utando wa ziada kwa nje, kama mtu aliyevaa koti la mvua juu ya nguo. Kwa wengi wao, kanabinoidi hazipenyi koti hilo. Hata wale wa McMaster ilibidi waongeze dawa nyingine ya kulitoboa kwanza ndipo CBG ikaingia.

Katika maji baridi kama ya ziwa letu wanaishi bakteria waitwao Aeromonasi. Wapo majini, wapo kwenye samaki. Ni Gramu hasi, wamevaa koti. Wakiingia kwenye jeraha la mwiba wanaweza kuharibu nyama kwa kasi, na kwa maumbile yao wana kimeng'enya kinachoimeza ampisilini na ndugu yake amoksilini. Unaona tulipofika? Kwa kidole cha mume wako, mafuta ya jirani na kapsuli za dukani vinaweza kushindwa vyote viwili kwa usiku mmoja, kila kimoja kwa sababu yake, na wewe ukiwa unaamini umetibu mara mbili. Daktari akisikia "sangara, ziwani" atachagua dawa nyingine tangu mwanzo. Sisemi kwamba lazima iwe Aeromonasi. Kuna bakteria wengine wa samaki, na mmoja wao huleta wekundu wa zambarau unaotambaa mkononi taratibu na kusikia penisilini vizuri tu. Ndiyo maana nataka usaha uchukuliwe upimwe, tusikisie.

Na bangi anayovuta jioni? Hapa lazima niseme wazi kwa mume wako, bila kumhukumu, maana najua baridi ya ziwani usiku na najua vijana wanavyojipasha. Moshi haumkingi na majipu. Kama kuna linalotokea, ni kinyume chake. Miili yetu ina vipokezi ambavyo THC huvishika. Vya aina moja viko zaidi kwenye ubongo, ndiko ulevi unakotoka. Vya aina ya pili viko kwenye chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. THC ikivishika hivyo vya pili, askari wanapunguza makali. Mtu anasikia maumivu na uvimbe vimepungua, anadhani anapona, kumbe kelele za vita ndizo zilizopungua.

Mwaka 1997 watafiti wa Los Angeles walichukua chembe za ulinzi kutoka kwenye mapafu ya wavutaji wa bangi, wakazipa stafilokokasi, yuleyule wa majipu. Uwezo wa chembe hizo kummeza na kumuua ulikuwa umeshuka vibaya zikilinganishwa na za wasiovuta. Hayo ni mapafu, ngozi ni kiungo kingine, nami sitakudai uamini kwamba kila jipu la mume wako limeletwa na moshi. Lakini tazama kinyume kilichopo: kiambato kilekile kikiwa kwenye kifuniko cha maabara kinamuua bakteria, kikiwa ndani ya mtu kinamlegeza askari anayepaswa kumuua huyo bakteria. Anayesoma nusu ya kwanza peke yake anaondoka na chupa. Na kuna sheria pia. Tangu ile ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya, polisi akiikuta chupa hiyo ndani hatakuuliza kama ulikuwa unapaka au unavuta.

Tuje kwenye majipu yenyewe. Tiba ya jipu lililoiva ni kulitoa usaha. Miaka ile ya 2015 na 2016 nchi nzima ilikuwa inaimba kutumbua majipu, na wanasiasa walifanya kazi hiyo ionekane nyepesi. Kwenye mwili si nyepesi. Jipu likibonyezwa kwa vidole, sehemu ya usaha inatoka nje na sehemu inasukumwa ndani zaidi, wakati mwingine kwenye damu. Wembe aliotumia pajani ndio anaoutumia kunyolea kwapa, na ndivyo jipu linavyohama. Hospitali wanatia ganzi, wanapasua, wanavunja vyumba vya ndani, wanaacha njia ya kutokea. Jipu la usoni, hasa kati ya pua na mdomo, asiguse kabisa, maana mishipa ya hapo ina njia ya kuelekea kwenye ubongo.

Je, vidonge vinasaidia? Vinasaidia, kwa kiasi. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2016, wenye wagonjwa zaidi ya 1,200, uliwapasua wote, kisha nusu wakapewa Septrin na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliopona ni asilimia 80.5 kwa Septrin na asilimia 73.6 kwa kidonge kitupu. Zisome namba hizo taratibu: watu saba katika kumi walipona kwa kisu peke yake. Kidonge kiliongeza, lakini hakikubeba mzigo mkuu. Kwa hiyo amoksilini ile ya mara nne, bila kupasuliwa vizuri na bila kipimo, imekuwa ikimpa stafilokokasi mazoezi tu. Wengi wa stafilokokasi wa leo wanaivunja amoksilini hata bila kuwa MRSA. Usikimbilie Septrin dukani pia. Wapo inaowachubua ngozi vibaya sana, na hilo ni swali la kuulizwa na daktari kabla hajaandika.

Mpaka afike kwa daktari, jipu lililo bado gumu likandwe kwa kitambaa safi cha maji ya moto yasiyounguza, dakika kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku. Likipasuka lenyewe, lifunikwe. Zaidi ya hapo asifanye kitu. Lakini akiona homa na kutetemeka, wekundu unaopanda, au paja zima kuuma na kuwa gumu kama ubao bila kichwa cha jipu kuonekana juu, aende siku hiyohiyo. Hilo la mwisho ni jipu la ndani ya msuli, lipo sana kwenye nchi za joto, na watu wengi hulikanda wiki mbili wakidhani ni misuli imekaza.

Swali lako kubwa hukuliuliza: kwa nini yanarudi? Majipu manne kwa mwaka ni ujumbe. Apimwe sukari kwanza. Nimeona mwanamume mwenye nguvu, mpiga makasia, ambaye kisukari chake kiligunduliwa kwa jipu la mgongo kabla hajawahi kusikia kiu. Apime na virusi vya UKIMWI, na wewe pamoja naye. Nasema hivi bila kumshuku mtu. Mwaloni kila mtu analijua jambo hili na hakuna anayelisema. Kama vyote ni sawa, tuangalie pua. Takriban mtu mmoja kati ya watatu anatembea na stafilokokasi puani bila kuumwa chochote. Anajikuna pua, anajikuna paja, jipu. Ipo marhamu ya puani na sabuni maalumu ya kuogea kwa siku kadhaa, daktari atawaandikia ikibidi, na ni vizuri itumike nyumba nzima kwa pamoja. Kila mtu awe na taulo lake. Lile vazi la mpira la kazini, linalokaa na unyevu na magamba ya samaki kutwa, lioshwe kwa sabuni na lianikwe juani, ndani nje, na asilivae juu ya kidonda kilicho wazi.

Na mtoto. Magamba ya njano kama asali iliyokauka chini ya pua, karibu kila mara ni bakteria walewale wa majipu, au wengine waitwao streptokokasi, au wote wawili. Huenda amegawiwa na baba yake kwenye mto wa kulalia. Ni rahisi kutibu: lowesha magamba kwa maji vuguvugu yenye sabuni, yatoke bila kuyang'oa, kata kucha zake, umpeleke zahanati apewe marhamu ya antibiotiki, au dawa ya kunywa kama vidonda ni vingi. Mafuta ya bangi usimpake kabisa. Chini ya pua ni juu ya mdomo, atayalamba. Mtoto wa miaka mitatu aliyemeza THC anaweza kulala usingizi asioamka ukimwita, na akapumua kwa shida. Wiki mbili tatu baada ya vidonda kupona, ukimwona uso umevimba asubuhi au mkojo umekuwa wa rangi ya chai isiyo na maziwa, mrudishe haraka, maana streptokokasi huweza kuacha madhara kwenye figo.

Unaweza kuniuliza kama siku moja kutakuwa na marhamu halali ya kanabinoidi kwa ajili ya MRSA. Naona inawezekana. Wale wa Queensland walipata matokeo kwa kupaka CBD juu ya ngozi ya wanyama, na ngozi ndiyo njia yenye matumaini, kwa sababu dawa haipitii kwenye damu yenye protini nyingi. Lakini itakuwa ni kiambato kimoja, kimesafishwa, kimepimwa, kwenye krimu iliyotengenezwa ili kipenye. Mpaka sasa dawa ya CBD iliyopita mlango mkuu, ile iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ni ya aina chache za kifafa kikali cha watoto. Ya majipu haijafika dukani popote.

Chupa ya jirani mrudishie kwa heshima, mshukuru, mwambie daktari kakataza. Usiiweke juu ya kabati "kwa dharura", mtoto ana miaka mitatu na viti vipo.

Kwa kuwa juzi alichomwa na sangara, nadhani mume wako yuko kwenye siku za mbalamwezi, karabai zimezimwa na mtumbwi uko nchi kavu. Ni vizuri. Leo ni ya kidole. Siku mbili tatu zinazobaki kabla giza halijarudi ni za sukari, kile kipimo kingine, na pua za watu wanne wa nyumba hiyo.